Rachel Carson: Kalamu iliyoifikisha sumu mbele ya sheria

Ndugu msomaji, leo tunamzungumzia mwanamke ambaye hakuwahi kuishi kwetu wala hakuwa na shamba la nyanya katika bonde lolote la ukanda huu. Hata hivyo, kila mfanyabiashara anayevuka Mugina au Kobero akiwa na katoni ya dawa za kilimo, anakutana na maswali ambayo mwanamke huyo aliyauliza zaidi ya miaka 60 iliyopita. Dawa hii ni ya nini? Nani ameipima? Aliyeiruhusu ni nani, na nani atajibu ikileta madhara?

Kabla ya kuingia kwenye maisha yake, naomba nieleze kwa nini nimemchagua. Mimi nilizaliwa na kusoma ukimbizini, magharibi mwa Tanzania, ambako wazazi wetu walilima tumbaku. Dawa ya kunyunyizia ilikuja kwa madebe. Debe likiisha, lilisuguliwa kwa majivu na mchanga, likatiwa mpini wa waya, na kuanzia hapo likawa la kuchotea maji. Hakuna aliyetuonya, na wazazi wetu walijisikia wamepata chombo cha bure.

Baada ya kurejea nyumbani nikawa mwalimu katika shule iliyo karibu na mpaka. Siku moja mtoto alikuja darasani na chupa ya soda yenye kimiminika cheupe kama maziwa. Mama yake alikuwa amemtuma kuinunua sokoni ili aipeleke shambani baada ya masomo. Chupa haikuwa na jina la dawa, tarehe, wala ile alama ya fuvu la kichwa. Nilipomwuliza ni dawa gani, alijibu ni dawa ya nyanya. Niliiweka juu ya kabati mpaka jioni, na mchana kutwa nikawa namkumbuka Rachel Carson, jina ambalo nililisikia mara ya kwanza kwa mwalimu wetu wa biolojia kule ukimbizini.

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, si mbali na jiji la viwanda la Pittsburgh. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Baba yake, Robert, alikuwa na shamba lakini hakufanikiwa sana kimaisha. Mama yake, Maria, aliwahi kuwa mwalimu na aliiacha kazi hiyo alipoolewa. Ni mama huyo aliyemzungusha bintiye mashambani na kando ya mto Allegheny, akimfundisha majina ya ndege, wadudu na maua.

Binti alipenda kuandika tangu utotoni. Mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 11, hadithi yake ilichapishwa katika gazeti la watoto lililosomwa nchi nzima. Mwaka 1925 alijiunga na chuo cha wasichana mjini Pittsburgh, na fedha za kumsomesha zilipatikana kwa taabu, kiasi kwamba mama yake aliuza hata vyombo vya kaure vya nyumbani. Alianza na masomo ya lugha ya Kiingereza, kisha mwalimu wake wa biolojia, Mary Scott Skinker, akamvuta upande wa sayansi. Wengi walimshangaa, kwani zama hizo msichana kuchagua sayansi lilikuwa jambo la nadra. Alihitimu mwaka 1929, na mwaka 1932 akapata shahada ya uzamili ya elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Alitamani kuendelea hadi udaktari, lakini nchi ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na nyumbani hali ilikuwa ngumu. Mwaka 1934 aliacha masomo ili atafute kazi, na mwaka uliofuata baba yake akafariki. Mwanzoni mwa 1937 dada yake naye akafariki na kuacha mabinti wawili, ambao Rachel na mama yake waliwalea. Hivyo, kabla ya kufikisha miaka 30, binti huyu ambaye hakuolewa maisha yake yote alikuwa ndiye tegemeo la nyumba nzima. Wasomaji wenzangu waliorudi na watoto wa ndugu zao mgongoni wanaijua vizuri hali hiyo.

Ajira yake ya kwanza serikalini ilikuwa kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe wa majini kwa ajili ya ofisi ya uvuvi. Mwaka 1936 alifanya mtihani wa serikali, akashika nafasi ya kwanza na kuajiriwa kama mtaalamu wa viumbe wa majini. Mchana alisoma na kusahihisha taarifa za watafiti, na usiku aliandika vitabu vyake. Kitabu cha kwanza kilitoka Novemba 1941, wiki chache kabla Marekani haijaingia vitani, na wanunuzi wakawa wachache. Cha pili, The Sea Around Us, kinachohusu bahari, kilitoka mwaka 1951 na kukaa katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi kwa wiki 86. Mwaka 1952 aliacha kazi ya serikali na kuishi kwa kalamu yake. Alijenga nyumba ndogo kando ya bahari katika jimbo la Maine, na huko alizoea kushuka ufukweni maji yakipwa, akiwa na ndoo na kioo cha kukuzia.

Kama angeishia hapo, angekumbukwa kama mwandishi wa bahari. Hata hivyo, kulikuwa na suala moja lililomkaa rohoni tangu vita vilipokwisha.

Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba kemikali iitwayo DDT inaua wadudu kwa kiasi kidogo sana na nguvu yake inadumu muda mrefu. Wakati wa vita ilinyunyiziwa miilini mwa askari na raia ili kuua chawa wanaoeneza homa ya tifasi, na pia iliua mbu wa malaria. Iliokoa maisha ya watu wengi, na mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel. Tangu 1945 DDT ilianza kuuzwa kwa raia wa Marekani. Iliwekwa katika makopo ya kupulizia nyumbani, ikamwagwa kwenye pamba na mboga, na kunyunyiziwa kwa ndege juu ya misitu na vitongoji. Mwaka 1959 nchi hiyo ilitumia karibu tani 36,000 za DDT kwa mwaka mmoja.

Carson alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusoma taarifa za majaribio ya DDT yaliyofanywa na watafiti wa ofisi yake. Tayari zilionyesha kwamba samaki na ndege wanaweza kudhurika. Mwaka 1945 alipendekeza kwa gazeti moja maarufu aandike makala kuhusu jambo hilo, likakataa. Aliliweka kando, akarudi kwenye bahari yake.

Hapa ni lazima tusimame kidogo ili tuelewe sheria ilivyokuwa wakati ule. Marekani ilikuwa na sheria ya dawa za wadudu tangu 1947. Sheria hiyo ilitaka dawa iandikishwe na iwe na kibandiko chenye maelezo, jambo ambalo lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa kwamba iwapo serikali iliona dawa fulani haifai na kukataa kuiandikisha, kampuni iliweza kuandika pingamizi na kuendelea kuiuza. Mzigo wa kuthibitisha madhara ulikuwa juu ya serikali, wala si juu ya muuzaji kuthibitisha usalama. Aidha, ofisi iliyosimamia sheria hiyo ilikuwa Wizara ya Kilimo, ambayo kazi yake kuu ilikuwa kuongeza mavuno na ambayo yenyewe ilituma ndege kunyunyizia sumu. Mwamuzi wa mchezo alikuwa amevaa jezi ya timu mojawapo.

Mwaka 1957 serikali ilinyunyizia DDT iliyochanganywa na mafuta juu ya eneo la Long Island, karibu na New York, ili kuua nondo waharibifu wa miti. Ndege zilipita juu ya bustani, malisho na nyumba za watu bila ridhaa yao. Wakazi kadhaa walikwenda mahakamani na kushindwa, lakini kesi yao iliacha rundo la ushahidi ambalo Carson alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwanzoni mwa 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts, Olga Owens Huckins, aliandikia gazeti akilalamika kwamba baada ya ndege kunyunyizia dawa ya mbu, ndege wa bustanini kwake walikuwa wamekufa. Nakala ya malalamiko hayo ilimfikia Carson. Alitafuta mwandishi mwingine wa kuifanya kazi hiyo, hakumpata, mwisho akajitwisha mwenyewe.

Kazi aliyodhani ingekuwa fupi ilimchukua zaidi ya miaka minne. Aliwaandikia madaktari, wataalamu wa ndege, wa udongo na wa samaki. Baadhi ya watumishi wa serikali walimpa taarifa kwa siri, wakihofia vibarua vyao. Miongoni mwa visa alivyovikusanya, kimoja kinafaa kufundishwa katika kila shule ya kwetu.

Katika jimbo la California kuna ziwa liitwalo Clear Lake. Wavuvi wa starehe walisumbuliwa na usubi, hivyo mwaka 1949 ziwa likatiwa DDD, ndugu yake DDT, kwa kiasi kidogo mno, yaani sehemu moja ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Usubi uliporudi, dawa ikatiwa tena mwaka 1954 na 1957. Muda si mrefu ndege wa majini waitwao vibisi wakaanza kufa. Watafiti walipopima mafuta ya miili yao walikuta sehemu 1,600 za sumu katika kila milioni. Ilikuwaje? Vijimea vidogo vya majini vilifyonza sumu, samaki wadogo wakavila, samaki wakubwa wakawala wadogo, na ndege wakawala samaki. Kwa kuwa sumu hiyo haiozi upesi na hujificha katika mafuta ya mwili, kila aliyekula alirithi sumu ya wote aliowala. Vibisi waliokuwa jozi zaidi ya 1,000 walibaki jozi kama 30 mwaka 1960.

Msomaji unayekaa kando ya Tanganyika na kula dagaa na mikebuka, sina haja ya kukueleza maana ya habari hiyo.

Wakati akiandika, misiba na maradhi vilimwandama. Mwaka 1957 mmoja wa mabinti wale aliowalea alifariki, na Carson akamchukua mwanawe wa kiume wa miaka mitano akawa mama yake. Mwishoni mwa 1958 mama yake mzazi naye akafariki. Mwaka 1960 yeye mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa titi, na daktari hakumweleza ukweli kwamba ilikuwa saratani. Alipoujua, saratani ilikuwa imeanza kuenea. Aliificha hadharani, kwani alijua wapinzani wangedai kwamba anaandika kwa uchungu wa ugonjwa wake.

Kitabu chake, Silent Spring, jina lenye maana ya majira ya kuchipua yaliyo kimya kwa kukosa sauti za ndege, kilianza kutoka kwa sehemu katika gazeti la New Yorker mwezi Juni 1962, na kitabu kamili kikatoka tarehe 27 Septemba mwaka huo. Mwishoni aliweka kurasa zipatazo 55 za orodha ya ushahidi wake, ili mtu yeyote aweze kuhakiki.

Vita vikaanza. Kampuni ya Velsicol, iliyotengeneza baadhi ya kemikali alizozitaja, ilimtishia mchapishaji kwa kesi kabla kitabu hakijatoka. Kampuni ya Monsanto ilichapisha hadithi ya kumbeza, ikichora nchi isiyo na dawa ikiliwa na wadudu. Wengine walimwita mwanamke mwenye jazba, wengine walihoji mtu asiye na mtoto wa kumzaa ana uchungu gani na vizazi vijavyo. Yeye hakujibu matusi. Aprili 1963 alionekana katika kipindi cha televisheni cha shirika la CBS akiwa dhaifu, akazungumza kwa utulivu, na mamilioni ya watu wakamwona. Wadhamini watatu kati ya watano walikuwa wamekwisha jitoa katika kipindi hicho.

Hapa nataka msomaji awe makini, kwa sababu watu wengi hadi leo wanamsingizia Carson jambo ambalo hakulisema. Hakutaka dawa zote za wadudu zipigwe marufuku. Alikubali kwamba kuna wadudu waharibifu na waenezao magonjwa ambao lazima wadhibitiwe. Alichopinga ni sumu kali kuachwa mikononi mwa watu wasiozijua, zikimwagwa kila mahali bila kupimwa wala ridhaa ya wanaoishi hapo. Aidha, alionya kwamba dawa ikitumiwa ovyo wadudu huizoea, na siku ikihitajika kweli itakuwa haina nguvu tena.

Rais John Kennedy aliwaagiza washauri wake wa sayansi walichunguze suala hilo. Taarifa yao ilitoka tarehe 15 Mei 1963, na kwa sehemu kubwa iliunga mkono hoja za Carson. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Juni, alisimama mbele ya kamati ya Seneti. Alitaka raia awe na haki ya kutomwagiwa sumu nyumbani kwake na mtu mwingine, uuzaji na matumizi ya sumu kali vibanwe viishie kwa wanaozielewa, na kuwe na chombo huru ambacho hakitokani na wanaozitengeneza wala wanaozitangaza.

Hakuishi kuyaona. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964 nyumbani kwake Silver Spring, jimbo la Maryland, akiwa na umri wa miaka 56. Mwezi mmoja tu baadaye, Mei 1964, Rais Lyndon Johnson alitia saini mabadiliko ya sheria yaliyofuta ule mwanya wa pingamizi. Tangu hapo kampuni haikuweza tena kuendelea kuuza dawa ambayo serikali imekataa kuiandikisha.

Huo ulikuwa mlango wa kwanza. Wa pili ulifunguliwa Desemba 1970, lilipoanzishwa Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani na kukabidhiwa usimamizi wa dawa za wadudu, kazi iliyonyang'anywa Wizara ya Kilimo. Sasa mwamuzi alivua ile jezi. Shirika hilo liliendesha shauri la DDT kwa takribani miezi saba, likisikiliza mashahidi wa pande zote. Aliyesimamia shauri alipendekeza matumizi yaendelee, lakini mkuu wa shirika, William Ruckelshaus, alipima ushahidi na kuamua kinyume chake. Juni 1972 alipiga marufuku DDT kutumika katika mazao, kuanzia mwisho wa mwaka huo, huku akiacha mlango wazi kwa dharura za afya. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyozigawa dawa katika makundi: zile za kila mtu, na zile kali ambazo haziguswi ila na aliyefunzwa na kupewa cheti. Katika miaka iliyofuata kemikali nyingine alizozitaja, kama aldrin, dieldrin, heptachlor na chlordane, nazo ziliondolewa katika matumizi mengi.

Je, sheria zilipunguza sumu kweli? Tuwe wakweli. Matumizi ya DDT yalikuwa yameanza kushuka kabla ya marufuku. Kutoka zile tani 36,000 za mwaka 1959, yalifika tani zipatazo 5,500 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sababu zilikuwa kadhaa: wadudu walikwisha izoea, wananchi walikwisha amka, na baadhi ya majimbo na ofisi za serikali zilikwisha ibana. Marufuku ikafunga kilichobaki. Inavyoonekana, sheria hufanya kazi tangu inapoanza kujadiliwa, kwani mtengenezaji akiona mlango unafungwa hutafuta njia nyingine mapema.

Matokeo yalionekana angani. Tai mwenye kichwa cheupe, aliye nembo ya taifa hilo, alikuwa amebaki na jozi chini ya 500 za kutaga katika majimbo 48 mwaka 1963, kwa sababu DDT ilifanya maganda ya mayai yawe membamba na kupasuka chini ya mama yao. Mwaka 2007 jozi zilikuwa zimefika karibu 10,000, na tai huyo akaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kiasi cha DDT katika miili ya watu wa nchi hiyo nacho kilishuka.

Hata hivyo, sheria ile ilikuwa na matundu mawili yanayotuhusu sisi moja kwa moja. Tundu la kwanza ni kwamba mahali pa DDT palichukuliwa na dawa nyingine, zikiwemo za jamii ya parathion, ambazo hazidumu sana katika udongo lakini zinaweza kumwua mpuliziaji siku hiyohiyo. Kumbe haitoshi kuondoa sumu moja bila kuangalia inayokuja badala yake. Tundu la pili ni kwamba marufuku ya 1972 iliishia mpakani. Viwanda viliruhusiwa kuendelea kutengeneza DDT na kuiuza nchi za nje. Kilichokatazwa kwa mkulima wa Marekani kiliweza kupakiwa melini kuja kwa mkulima wa Afrika.

Kuziba tundu hilo la pili kulichukua miaka mingi. Mwaka 1998 ulipatikana Mkataba wa Rotterdam, ambao unataka nchi ipewe taarifa na kutoa ridhaa kabla sumu zilizoorodheshwa hazijaingizwa kwake. Mwaka 2001 ukaja Mkataba wa Stockholm dhidi ya sumu zisizooza upesi. Yote miwili ilianza kufanya kazi mwaka 2004, na nchi zetu, ikiwemo Burundi, Rwanda, Tanzania, Uganda na Kongo, zimo katika ule wa Stockholm. Mkataba huo uliibana DDT isitumike isipokuwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria, tena kwa masharti. Ndiyo maana mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliweza kuunga mkono upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba, DDT ikiwa mojawapo, bila kuuvunja. Mwaka 2011 iliongezwa endosulfan, dawa ambayo wakulima wengi wa pamba na mboga waliitegemea.

Nchi zinazopakana nasi zina ofisi za kuandikisha dawa hizi. Tanzania, kwa mfano, ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Karatasi zipo. Lakini sheria inafika shambani kwa njia ya kibandiko, na kibandiko kinapotea pale dawa inapomiminwa kutoka chombo cha lita tano kwenda chupa ya soda ili mnunuzi mwenye faranga chache aimudu. Hapo kazi yote ya Carson, ya mabunge na ya mikataba inamwagwa chini kwa dakika moja, chini ya mwembe, na mtu ambaye hana nia mbaya hata kidogo. Anatafuta riziki tu.

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, siandiki haya ili kuwaharibia soko. Baadhi yenu mlikuwa wanafunzi wangu, na najua faida ya katoni moja inalipa ada ya watoto wangapi. Naomba mambo matatu tu. Dawa ibaki katika chombo chake chenye jina na maelezo. Dawa ambayo haikuandikishwa katika nchi unakoipeleka isivuke, hata kama bei yake ni tamu. Na chombo kitupu kitobolewe ili asije mama akakifanya cha maji.

Nasi tuliorejea, tusione aibu kuuliza. Carson hakuwa waziri wala mwanasheria. Alikuwa mtumishi wa zamani wa serikali, mgonjwa, mwenye mtoto wa kulea, aliyesoma taarifa ambazo wengine walizifungia makabatini. Bila malalamiko ya mwanamke mmoja kuhusu ndege waliokufa bustanini kwake, huenda kitabu kile kisingeandikwa.

Jioni ile niliichukua chupa ya soda, nikaongozana na mtoto hadi kwa mama yake. Sikumgombeza. Tulikaa uani, nikamweleza kuhusu lile debe la ukimbizini, akanisikiliza huku akiitazama chupa. Kisha akaniuliza kama dawa hiyo inatosha kunyunyiziwa mara moja au mbili kwa wiki. Nilishindwa kumjibu, na aliyemwuzia naye asingeweza. Jibu lilikuwa limebandikwa kwenye chombo kikubwa kilichobaki sokoni.